Wakisikia "warning", waingie ndani: jibu kwa mlezi wa vijana wa Bowling Green

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mlezi wa vijana katika kanisa letu la Waswahili hapa Bowling Green, Kentucky. Nina vijana 24, wa miaka 9 hadi 17. Wengi wazazi wao walitoka Kivu, mashariki mwa Kongo, wengine wamezaliwa kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Tanzania) na Kakuma (Kenya). Mvua ya radi ikianza, wadogo wanalia, na wakubwa wanatoka nje na simu kupiga video. Baadhi ya wazazi wananiambia haya ni mambo ya Mungu, nisiwatie watoto hofu. Nitawafundishaje kujikinga na tornado bila kuwatisha, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na hilo la hofu, maana naona ndilo wazazi wanalokubana nalo. Hofu watoto wanayo tayari, hukuwaletea wewe. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, saa saba usiku ikiwa imeshapita, tornado ya kiwango cha EF3 (kipimo huanzia EF0 hadi EF5) ilipita ndani ya mji wenu ikaua watu 17, watoto wengi wakiwamo. Usiku huohuo nyingine kubwa zaidi, EF4, ilikuwa imeshaufagia mji wa Mayfield magharibi mwa jimbo. Vijana wako wakubwa wanaukumbuka usiku ule, na wadogo wamesimuliwa. Mtoto anayelia radi ikipiga analia kwa sababu anajua kuna kitu kinaweza kuja na hajui yeye afanye nini. Mpe kazi ya kufanya, kilio kitapungua. Sisemi kitaisha.

Nimekuwa nikifundisha mambo haya kwa miaka kumi na zaidi, kwanza Oklahoma kisha huko kwenu Kentucky, mara nyingi kwa familia zinazozungumza Kiswahili. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba somo linaharibika kwenye maneno kabla hata halijafika kwenye dhoruba.

Chukua neno "kimbunga". Sisi tuliokulia pwani tukisikia kimbunga tunafikiria kile cha baharini: Jobo ya mwaka 2021, Hidaya ya Mei 2024. Kimbunga cha namna hiyo kinatangazwa siku kadhaa kabla, kinapewa jina kama mtu, wavuvi wanaambiwa wasitoke, na mtu ana muda wa kugongelea mabati upya na kuhamia kwa shangazi. Tornado, ule upepo mkali unaozunguka kama nguzo kutoka kwenye wingu la dhoruba hadi ardhini, haina jina. Nyingi upana wake ni mita mia chache tu, zinaishi dakika chache, na kwa wastani onyo linatangulia kwa dakika kumi hivi. Wakati mwingine halitangulii kabisa. Mzazi ukimwambia "kimbunga kinakuja" anaanza kupanga kesho, kumbe anatakiwa awe bafuni sasa hivi. Kwa hiyo mimi silitafsiri. Nasema tornado. Watoto wanalijua kutoka shuleni na wazazi hulishika mara moja.

Kuna wanaopendelea "kisulisuli". Kwa umbo, sawa kabisa, linaeleza vizuri kuliko neno lolote. Lakini kisulisuli cha kwetu ni kile kivumbi kinachozunguka katikati ya uwanja wa shule saa saba mchana kikibeba makaratasi, na watoto wanakikimbilia wakaingie katikati yake. Neno linaloleta kicheko silitaki siku hiyo.

Sasa maneno mawili yaliyo mazito zaidi, "watch" na "warning". Nimewahi kuona karatasi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili ikiyaita yote mawili "tahadhari". Aliyetafsiri hakuwa na nia mbaya, ila karatasi ile ilikuwa hatari kuliko kutokuwa na karatasi. "Watch" inatolewa na kituo cha kutabiri dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma. Inafunika eneo kubwa, kaunti nyingi kwa pamoja, kwa saa kadhaa. Maana yake hali ya kuzaa tornado ipo, lakini tornado yenyewe bado. "Warning" kwenu inatolewa na ofisi ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa iliyoko Louisville, inahusu eneo dogo, na maana yake rada imeona upepo unazunguka au mtu ameiona tornado kwa macho yake.

Vijana wako usiwafundishe tafsiri ya maneno hayo. Wafundishe amri. "Watch" ni *kaa chonjo*. "Warning" ni *ingia*. Kwenye "kaa chonjo" tunachaji simu, tunavaa au kusogeza viatu, tunajua kila mtu wa nyumbani yuko wapi, na wanaoishi kwenye treila, zile nyumba za kuhamishika, wanaondoka, nitalirudia hilo. Kwenye "ingia" hakuna la kujadili. Wapimie kwa kuwashtukiza: katikati ya mazungumzo ya kawaida, wakiwa wanakula, sema "warning!" uone nani anainuka na nani anauliza "eti?".

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote, na halimo kwenye vipeperushi vya Kiingereza kwa sababu walioviandika hawana shida hiyo.

Simu ikilia saa nane za usiku kwa ule mlio mbaya, nani nyumbani anausoma ujumbe? Mara nyingi ni binti wa miaka 12. Ndiye anayesoma barua za bili, ndiye anayezungumza na daktari wa bibi yake, ndiye anayejua kwamba "warning" si "watch". Halafu huyo binti amelelewa vizuri, hajawahi kumwamuru baba yake kitu tangu azaliwe. Atafanya nini? Atagonga mlango wa chumba cha wazazi polepole. Ataambiwa "kalale, ni mvua tu." Naye atarudi kulala, kwa sababu ni mtoto mwenye adabu.

Ndiyo maana siku hizi sianzi na vijana, naanza na wazazi. Nawaomba kitu kimoja tu: kila mzazi, mbele ya watoto wake na mbele ya wenzake, aseme kwa mdomo wake, "Mwanangu, siku simu ikisema tornado warning, ukisema ingia, mimi naingia." Mzee mmoja aliniuliza kama nataka watoto wawe wakubwa wa nyumba. Nikamjibu kwamba namwomba amkopeshe mtoto sauti yake kwa nusu saa, onyo likiisha airudishe. Alicheka, akasema maneno hayo, na mkewe akamfanya ayarudie kwa sauti. Fanya hivyo kanisani baada ya ibada, familia moja moja ikisimama. Inachukua dakika kumi na tano, na binti wa miaka 12 anatoka pale akiwa mtu mwingine.

Kuhusu wanaosema ni mambo ya Mungu, usibishane nao. Nuhu hakungoja mvua ianze ndipo atafute mbao. Na Isaya 26, mstari wa 20, watu wanaambiwa waingie vyumbani mwao, wajifungie milango, wajifiche kitambo kidogo hadi ghadhabu ipite. Nimewahi kumsikia mchungaji mmoja akiusoma mstari huo kabla ya zoezi, na sikuwa na la kuongeza.

Kanisa nalo lina lake la kujifunza. Jumapili ya Matawi mwaka 1994, tarehe 27 Machi, tornado iliangukia kanisa la Goshen huko Alabama ibada ikiendelea, paa likaporomoka, watu 20 wakafa na watoto wakiwa miongoni mwao. Onyo lilikuwa limeshatolewa. Ndani ya jengo halikumfikia mtu. Kwa hiyo nakuuliza wewe: mnakutana wapi? Kama ni ukumbi mpana wenye paa kubwa lisilo na nguzo katikati, hapo si pa kujificha hata kidogo. Paa pana hushikiliwa na kuta za pembeni tu, ukuta mmoja ukiondoka paa linashuka zima. Ndivyo yalivyo hata majumba ya michezo ya shule na maduka makubwa. Tafuta vyoo vya katikati, korido fupi isiyo na madirisha, stoo. Na kila ibada, mtu mmoja, tena kijana, awe na simu yenye sauti wakati wengine wote wamezima zao.

Sasa zoezi. Wafundishe kuhesabu kuta. Huo ndio mchezo wangu wa kila mahali, na watoto wa miaka 9 wanaupenda. Kila mmoja achore ramani ya nyumba yao, kisha aweke kidole pale anapofikiri ni salama na ahesabu kuta zilizoko kati ya kidole na nje, pande zote nne. Sebule yenye kochi zuri ina ukuta mmoja na dirisha la kioo. Bafu la katikati lina kuta mbili au tatu. Kabati la nguo la ukutani, au ile stoo chini ya ngazi, wakati mwingine lina zaidi. Anayepata namba kubwa, ghorofa ya chini kabisa, bila dirisha, ndiye mshindi. Chumba cha chini ya ardhi kikiwapo, hakuna mashindano, ni hapo. Lakini mji wenu umekaa juu ya mawe ya chokaa yaliyojaa mapango, Mammoth Cave yenyewe haiko mbali, na nyumba nyingi nilizoingia huko zimejengwa juu ya zege tupu. Wengi wa vijana wako jibu lao litakuwa bafu.

Wanaoishi kwenye nyumba za treila, ramani yao haina jibu. Waambie wazi. Treila haina chumba salama hata ikiwa imefungwa minyororo chini, upepo unaiinua na kuipindua nzima. Sehemu kubwa mno ya wanaofia majumbani kwenye tornado Marekani wanafia kwenye treila, ilhali wanaoishi humo ni wachache. Kwao "ingia" inakuwa imechelewa. Wao huondoka kwenye "watch", kabla giza halijaingia, kwenda nyumba ya jirani, ya muumini mwenzao au jengo imara lililo karibu. Hapa ndipo kanisa lina kazi ya maana: kaa na orodha, kila familia ya treila iwe na familia ya kuipokea, na wawe wameshakubaliana kwamba hata ukiwa usiku wa manane hakuna kuomba samahani kwa kugonga mlango.

Nikuambie kilichotokea kwenye zoezi langu la kwanza na vijana wa Kivu. Tulikuwa kwenye nyumba ya mama mmoja, vijana tisa sebuleni. Nikawaeleza yote, nikapiga kengele ya simu, nikasema "ingia!". Wanane walikwenda bafuni. Wa tisa, kijana wa miaka 15, mpole kuliko wote, alifungua mlango wa mbele akatoka mbio hadi barabarani, peku, na alipofika kwenye sanduku la barua la jirani akasimama, akageuka, akatuangalia kama anayeamka usingizini.

Hakuna aliyecheka. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenieleza. Kwao, bunduki zikilia usiku, anayebaki ndani anakufa. Unatoka, unakimbilia migombani. Volkano ya Nyiragongo ikilipuka, kama ilivyolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, Goma nzima inatoka, wengine Sake, wengine Gisenyi upande wa Rwanda. Miguu ya yule kijana ilikuwa imefundishwa na watu waliopona kwa kukimbia. Mimi nilikuwa nimemwambia maneno tu, na miguu haisikii maneno.

Tangu siku ile siwaambii watoto kwamba kukimbia ni makosa. Nawaambia kukimbia kuliwaokoa wazazi wenu, na wazazi wenu walijua wanachofanya. Risasi na lava vinakuja kutoka upande unaoujua, na mbele yako kuna mahali pa kwenda. Tornado inakwenda kasi ya gari, inabadili njia, na kinachoua zaidi ni vitu inavyorusha: mbao, vioo, mabati, matofali. Nje wewe ni shabaha. Ndani, kila ukuta unapunguza kitu. Halafu tunarudia zoezi mara nne, tano, mwili ujue njia. Yule kijana tulimpa kazi ya kumbeba mdogo wake wa miaka mitatu hadi bafuni. Kuanzia hapo hakutoka nje tena, kwa sababu mikono ilikuwa na mzigo na mzigo una pa kwenda.

Ukishawapata chumbani, mkao wao ni huu: magoti chini, uso ukielekea ukuta wa ndani, kichwa kimeinamishwa, mikono miwili imefumbatwa nyuma ya shingo. Mablanketi mazito au godoro juu yao. Na helmeti. Watu wanaona aibu kwenye hili, lakini majeraha ya kichwa yanaua wengi, na baada ya tarehe 27 Aprili 2011, siku ambayo tornado ziliua watu zaidi ya 200 katika Alabama peke yake, watafiti wa chuo kikuu huko Birmingham walihimiza familia ziwe na helmeti kwenye chumba cha kujificha. Ya baiskeli inafaa. Ya mpira wa Kimarekani inafaa zaidi. Wasio nayo kabisa wajifunike kwa mto. Viatu ni muhimu vilevile, na hapa nakusihi uwe mkali, kwa sababu nyumba zetu tunavua viatu mlangoni, na mlango ndio unaoondoka kwanza. Usiku wa "watch", viatu vinalala karibu na kitanda. Wengi hujeruhiwa baada ya tornado kupita, kwa misumari na vioo, wakitembea peku kutafutana.

Usiruhusu mtu apoteze sekunde kufungua madirisha. Utakuta mzee mmoja amesikia kwa Wamarekani kwamba dirisha likifunguliwa presha inapungua na nyumba haipasuki. Ni imani ya zamani na si kweli. Upepo utalifungua wenyewe, wewe usiwe karibu.

Kwa wale wakubwa na simu zao huwa nina hadithi moja, na siipambi. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tornado ilitanuka hadi kufikia upana wa kilomita 4.2. Iliua watu 8, wote walikuwa kwenye magari. Miongoni mwao alikuwa Tim Samaras, mtafiti aliyezifuatilia tornado kwa miaka mingi, mwenye vifaa na uzoefu ambao hakuna kijana wa Bowling Green atakayekuwa nao, akiwa na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Nikimaliza hapo huwa nanyamaza kidogo, kisha nawauliza: wewe na hiyo simu yako, umemzidi nini? Na tena huko kwenu kupiga video hakuna hata faida ya picha. Ile tornado ya tambarare, nguzo nyeusi imesimama peke yake kwenye anga jeupe, ni ya Kansas. Kusini na mashariki tornado nyingi zimefunikwa na mvua, kuna vilima na miti, na mara kwa mara ni usiku. Anayesubiri aione ndipo aamini, atakachokiona ni paa la jirani.

Wakiwa garini? Waambie gari ni mahali pabaya na chini ya daraja la barabara ya juu ni pabaya zaidi. Kuna video maarufu ya mwaka 1991 kutoka Kansas, watu wamejibana chini ya daraja na wote wakapona, ikaaminisha Marekani nzima. Tarehe 3 Mei 1999 huko Oklahoma watu watatu walifia kwenye vijificho vya namna hiyo. Upepo ukipita chini ya daraja unabanwa na kuongezeka kasi. Kijana anayeendesha aangalie tahadhari kabla ya kuwasha gari, na akikutwa njiani aingie jengo imara la kwanza analoliona. Ikishindikana kabisa, kuna njia mbili mbovu: kubaki amefunga mkanda na kuinama chini ya usawa wa dirisha huku amefunika kichwa, au kulala kwenye bonde lililo chini ya usawa wa barabara, mbali na magari. Ila asiingie kalvati wala mfereji wa maji ya mvua. Usiku uleule wa El Reno, kule Oklahoma City kuna waliojificha kwenye mifereji na mafuriko yakawakuta humo.

Lazima kijana mmoja, tena yule mwerevu, atakuuliza: "Ikija EF5, bafu litasaidia nini?" Usimdanganye. Mwambie kiwango hicho kinapimwa kwa uharibifu baada ya tornado kupita, ni kipimo kilichoanzishwa na Profesa Fujita wa Chicago mwaka 1971 na kuboreshwa 2007, kwa hiyo siku yenyewe hakuna anayejua ipi imekuja. Zilizo nyingi mno ni EF0 na EF1, na kwa hizo bafu la katikati linatosha. Kwa kubwa, hata majengo ya shule yameshindwa: mwaka 2007 wanafunzi 8 walifia katika sekondari ya Enterprise, Alabama, na tarehe 20 Mei 2013 watoto 7 walifia katika shule ya msingi Plaza Towers mjini Moore, Oklahoma. Kwa hizo kinachoaminika ni chumba cha zege au chuma kilichojengwa makusudi kuhimili upepo wa kilomita 400 kwa saa, au chini ya ardhi. Kijana anayeambiwa ukweli huu hakimbii. Nimeona wanauliza swali la pili, "chumba hicho kiko wapi hapa kwetu?", na hilo ndilo swali ambalo wewe na wazee wa kanisa mnapaswa kulipeleka kwa kaunti.

Kuhusu kusikia onyo: ving'ora vya mitaani vimewekwa kwa ajili ya watu walio nje. Aliyelala ndani, feni inazunguka, asitegemee. Pitia simu za vijana wote 24 mkononi mwako, kwenye mipangilio, uone tahadhari za dharura kama zimewashwa. Nakuhakikishia utakuta kadhaa wamezizima kwa sababu ziliwahi kulia darasani. Na kila familia itafute redio ya hali ya hewa yenye betri, ile inayojiwasha yenyewe usiku. Haina bei ya kutisha, na haihitaji intaneti wala kuchajiwa kila siku.

Baada ya kupita, wafundishe mambo machache: harufu ya gesi maana yake kutoka na kutowasha chochote, waya ulioanguka haukaribiwi hata kama umelala kimya, filimbi ni bora kuliko kupiga kelele ukiwa umefunikwa na vifusi, na ujumbe mfupi hupita pale simu ya sauti inapokwama. Kila familia ichague ndugu mmoja aliye jimbo jingine wa kumtumia neno moja, "tuko salama", naye awasambazie wengine hadi Bukavu. Wadogo watalala na taa siku kadhaa. Waache walale nayo.

Zoezi la kwanza lifanyeni Jumamosi mchana, jua likiwaka, na kuwe na chakula baadaye. La pili usiku, taa zimezimwa, tochi mkononi. Mwanzoni mwa Machi jimbo lote la Kentucky hufanya zoezi la pamoja, basi la tatu lifanyeni siku hiyo. Kila mara kijana mmoja ashike saa ya simu na kuandika sekunde, kutoka "ingia" hadi mlango kufungwa. Nyumba iliyo chini ya sekunde 90 iko vizuri.

Ile nyumba ya zoezi langu la kwanza tulianza na dakika nne na ushee. Baada ya bafu tukajaribu stoo ya chini ya ngazi, iliyokuwa na kuta nyingi zaidi, na bibi wa nyumba ile alikuwa mzito wa magoti, lakini hakuwa yeye aliyechelewesha. Stoo ilikuwa imejaa: masanduku matatu yaliyofungwa tayari kwa safari ya Goma isiyo na tarehe, magunia mawili ya mchele, unga wa fufu, na mashine ya cherehani iliyokuwa haifanyi kazi. Ilichukua Jumamosi nzima na mabishano mengi kuvihamishia gereji. Mara ya mwisho nilipopita pale, mchele ulikuwa umerudi, ila gunia moja tu, na mbele yake kulikuwa na kigoda cha bibi na helmeti ya baiskeli ya rangi ya waridi aliyoichagua mwenyewe. Walitumia sekunde 70.